Nyumba Iliyoishiwa Sura

Kama una meza sokoni, au una mkamwana nyumbani, au una vyote viwili kama Mama Tangi, vuta kiti usikilize, maana yaliyomkuta yeye hayakuletwa na mchawi wala jirani mbaya. Yaliletwa na macho. Na macho, wote tunajua, hayana pazia.

Siku mambo yalipoanza kuharibika, mteja wa kwanza alikuwa bibi mmoja mwenye kikapu na haraka zake. Aliinama mbele ya kioo cha tangi, akanyoosha kidole. "Yule pale, mwenye mgongo mnene." Mume wa Mama Tangi, ambaye soko zima lilimwita Mzee Wavu, akachukua wavu wake wa mpini mrefu, akasogea. Hakuwa hata ameuchovya. Samaki wote waligeuka kwa pamoja kama watu walioitwa kwa majina, wakaingia ndani ya bomba la kutolea maji. Maji yakabaki maji matupu.

"Wako wapi?" bibi akauliza.

"Wamo," akasema Mzee Wavu.

"Wamo wapi? Hili ni tangi la samaki au la kufulia nguo?"

Mzee Wavu akapitisha wavu huku, akapitisha kule, akapata jani moja na kifuniko cha chupa. Bibi akavitazama vile vitu viwili kwa heshima, akasema hivyo anavyo nyumbani, akaondoka.

Katika soko lile samaki huuzwa wazima. Mteja anapiga jicho kwenye kioo, anachagua, muuzaji anavua mbele yake, anapima, anaparua magamba, anafunga. Ukimvua mapema ukamweka kwenye ndoo, hakuna atakayemgusa. Wateja wanasema samaki wa ndoo ni maiti anayesubiri kutangazwa. Kwa hiyo lazima wavu, samaki na macho ya mteja vikutane papo hapo, la sivyo huna biashara, una maji tu.

Na nyumba hii ilikuwa na fahari yake. Tangi lao la saruji, lenye kioo upande wa mbele, halikuwahi kukauka tangu lijengwe. Gari la samaki likija, wapya wanamwagwa juu ya waliobaki, kama unavyoongeza maji kwenye chai wageni wakizidi. Mzee Wavu aliamini kwamba tangi likikauka na riziki inakauka. Tena walikuwa na samaki wao wa kuonyesha, dume pana kama sinia, mwenye paji la uso la mtu anayedai kodi ya pango. Huyo hakuuzwa kamwe. Kazi yake ilikuwa kupita mbele ya kioo ili mteja avutwe na mkubwa, kisha anunue mdogo. Walimwita Mwenyekiti, kwa sababu alikuwepo kwenye kila kikao na hakuna kazi aliyowahi kufanya.

"Wamekuchoka," Mama Tangi alimwambia mumewe jioni ile. "Wamekujua sura."

"Samaki hana akili ya kunijua sura. Wewe mwenyewe ulinipita sokoni mwaka ule nilipovaa kofia."

"Nilikupita makusudi."

*

Wakajaribu sura nyingine. Kwanza mtoto wao wa kiume, fundi seremala, alikuja asubuhi kabla ya kwenda karakanani kwake. Alivua vizuri kabisa, wateja wakafurahi, Mzee Wavu akavimba kwa wivu. Baada ya siku chache seremala akitokea tu kwenye mlango wa soko, bado yuko kwa wauza nyanya, bomba linajaa.

Wakamleta Mjomba, kaka yake Mama Tangi, mtu wa ndevu nyingi na maneno mengi zaidi. Mjomba alisema yeye samaki wanampenda tangu utotoni. Wakampenda kwa muda mfupi. Walipomchoka, akanyoa ndevu, na kwa kweli, msomaji, akapata soko jipya. Samaki walimjia tena kama mgeni rasmi. Mjomba akatamba soko zima kwamba amewapiga chenga. Lakini sura ile mpya nayo ikazoeleka upesi kuliko ndevu zinavyoota. Akauliza kama anyoe na nyusi.

"Nyusi ziache," akasema Mama Tangi. "Bado una mke."

Kitindamimba wao, binti mwenye miguu mirefu na masikio marefu zaidi, aliingia zamu baada ya shule. Naye akaisha. Mzee Wavu akarudi na gunia kichwani, amelitoboa matundu mawili ya macho. Samaki walishangaa kidogo, huenda angempata mmoja, lakini mtoto wa mteja aliangua kilio, mama yake akambeba wakakimbia, na muuza kuku wa meza ya pili akacheka mpaka akakalia mayai yake.

Muuza kuku huyo, Mama Kuku, alikuwa na jicho kwenye ile meza. Alitaka nafasi ya kupanga vizimba. "Jamani shoga yangu," alikuwa akimwambia Mama Tangi, "mbona mimi kuku wangu hawanikimbii? Au ni mambo ya harufu?"

"Kuku wako hawana pa kukimbilia, wamefungwa miguu."

"Ndiyo ufundi wenyewe. Mfunge na wewe samaki wako."

Mama Tangi akamgeuzia mgongo. Alikuwa amebaki na akiba moja tu, na akiba ile ilikuwa yeye mwenyewe. Yeye ndiye aliyewalisha kila asubuhi. Akiinama tu juu ya maji wanapanda, midomo wazi, wanagombania kivuli chake. Mbele ya Mwenyekiti alikuwa akijisikia mtu wa maana. Hakutaka kuugusa wavu. Lakini siku ile wateja walikuwa wamesimama, msimamizi wa soko yuko pembeni anatazama kwa jicho la kodi, mumewe jasho linamtoka. Akalisha kwa mkono wa kulia, akavua kwa mkono wa kushoto.

Alipata samaki mzuri. Kesho yake akainama na chakula, na hakuna aliyepanda. Walisimama katikati ya maji, kimya, wanaitazama mikono yake. Mikono yote miwili, kwa zamu. Mama Tangi aliumia kama mtu aliyenyimwa salamu na watu aliowapikia.

*

Msimamizi wa soko alikuwa mtu mpole mwenye habari mbaya. Alikuja akaegemea meza.

"Mama, sitaki kukuficha. Meza isiyohudumia wateja anapewa mwingine. Ndiyo sheria, sikuiandika mimi. Ila Ijumaa anakuja mpishi mkuu wa ile hoteli ya barabarani. Anatafuta mtu wa kumpa samaki kila wiki, na anataka kuona wakivuliwa. Nimemtaja wewe. Akiridhika, meza yako inakaa. Asiporidhika, vizimba vinaingia Jumamosi."

"Vitaingia na jogoo mbele," akasema Mama Kuku kutoka upande wa pili, aliyekuwa hasikilizi.

Kwa bahati gari la samaki lilikuja siku hiyohiyo. Mzee Wavu akafurahi kama mtoto. "Hawa ni wageni," akasema, akimwaga pipa zima ndani ya tangi. "Hawajawahi kuniona. Hawana kisa na mimi." Aliwaacha wapumzike usiku kucha. Asubuhi akanyoa, akavaa shati safi, akajongea na wavu kwa tabasamu.

Wakaingia bombani. Wageni, wenyeji, wote. Wengine hawakuwahi kuona bomba maishani mwao.

Mama Tangi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sasa aliogopa kweli. Akaanza kufikiria mambo ya kuombewa.

Palikuwa na kijana mmoja aliyezoea kukaa pale kwenye kigoda, hanunui kitu, anatazama tangi na kucheka peke yake. Walimwita Miwani. Alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari, somo la viumbe, na soko zima lilimhesabu kuwa mgonjwa mpole.

"Mwalimu," Mama Tangi akamwambia, "wewe umesoma. Niambie. Wale wa zamani nawaelewa, tumewafanyia. Hawa wapya tumewafanyia nini?"

"Hamjawafanyia chochote."

"Sasa nani kawaambia?"

Miwani akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Alikuwa amengoja swali hili kwa muda mrefu. "Hakuna aliyewaambia. Wametazama. Mtazame yule mkubwa wenu. Yeye yupo tangu zamani, amemwona kila mtu wa nyumba yenu akivua. Mzee akitokea, yeye ndiye anayeingia wa kwanza. Mgeni anasema moyoni, mimi simjui huyu mzee, lakini kama mkubwa mwenye mwili ule anakimbia, mimi nani nibaki?"

"Samaki anayasema yote hayo? Kwa kichwa kile?"

"Kichwa kile kimefinyangwa, mama, vizazi na vizazi. Si na maji. Na majirani. Samaki anayekaa peke yake anahitaji tu kujua chakula kiko wapi na adui yuko wapi. Anayekaa kwenye kundi ana kazi kubwa. Amjue mbabe, amjue mnyonge, amjue nani kampiga nani jana, nani ni mwema mchana na mwizi jioni. Asiyejua hayo alipigwa, akakosa mke, akakosa watoto. Waliobaki ni watoto wa wambea. Wako wengine wakitazama tu ugomvi wa wenzao wanajua wao wenyewe wakae nafasi ya ngapi, bila kupigwa hata kofi moja. Na wako wengine, wa mbali, walionyeshwa picha za nyuso za watu wakajifunza kuzitofautisha."

"Bila kupigwa hata kofi," Mama Tangi akarudia.

"Hata moja. Anatosha mmoja aliyewahi kuogopa."

Mzee Wavu alikuwa amesikiliza na gunia mkononi. "Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi," akanung'unika. "Hawakusema kama na yeye anakukunja."

*

Ilibaki sura moja tu katika ukoo mzima. Mke wa seremala. Alikuwa ameolewa si zamani, nyumbani bado waliendelea kumwita Bibi Harusi, na sokoni hajawahi kufika. Mama Tangi alitembea kuelekea nyumbani akipanga namna ya kumwambia. Ijumaa vaa viatu, njoo sokoni. Si jambo gumu. Binti mwenyewe mtiifu, kazi zake safi, neno lake ni lilelile, ndiyo mama.

Alifika mlangoni. Akakohoa.

Ilikuwa desturi yake, kukohoa kabla ya kuingia. Aliiita adabu. Lakini safari hii masikio yake yalikuwa yamefunguka, na kabla hajashika kitasa akasikia ndani ya nyumba: kiti kimesukumwa, kijiko kimeanguka, redio imezimwa, miguu, miguu, mlango wa jikoni, kimya. Akaingia. Sebule ilikuwa tupu. Kikombe cha chai kilikuwa mezani kinatoa mvuke peke yake.

Mama Tangi akasimama hapohapo na kikapu mkononi. Alikuwa akiiona sebule hii tupu kila siku na kufurahi jinsi watu wa nyumba yake walivyo wachapakazi. Leo aliiona kwa mara ya kwanza. Ilikuwa tangi.

Akatoka nje taratibu, akaenda mpaka dirishani. Hakujivunia jambo hilo, mtu mzima kuchungulia nyumba yake. Akangoja. Kitindamimba akachomoza kichwa, akaitazama sebule, akasema, "Katoka." Bibi Harusi naye akachomoza nyuma yake. Wakakaa. Wakawasha redio. Bibi Harusi akasema kitu, wakacheka, na Mama Tangi akagundua kwamba hakuwa anaijua sauti ya kicheko cha mke wa mwanawe.

Akakohoa dirishani, kidogo tu, kwa kujaribu.

Kitindamimba aliruka wa kwanza. Wa kwanza kabisa, kabla kikohozi hakijaisha. Na Bibi Harusi hakutazama dirishani kuona kuna nini. Alimtazama Kitindamimba, akamfuata.

Huyu binti, Mama Tangi akawaza, sijawahi kumkemea. Sijampandishia sauti hata siku moja. Ni kweli, nyumba hii ninauliza. Nani kaacha taa. Nani kamaliza sukari. Mbona sufuria iko hapa. Mbona umechelewa. Mbona umewahi. Ni wasiwasi tu, mtu ukiwa mama unauliza. Lakini yeye sijamuuliza kitu.

Anatosha mmoja aliyewahi kuogopa.

Akaketi kibarazani. Ilimjia kucheka na ilimjia kulia, na vyote viwili viligombania mlango mmoja, ikatoka chafya.

*

Jioni alimfuata Bibi Harusi jikoni. Hakukohoa. Kwa sababu hiyo binti alishtuka mara mbili, akasimama kwenye kona nyuma ya mlango, kisu cha vitunguu mkononi.

"Mwanangu, nina shida. Nataka uje sokoni Ijumaa utuvulie samaki."

"Ndiyo mama."

"Si lazima. Ukitaka."

"Ndiyo mama."

"Unataka au hutaki?"

"Ndiyo mama."

Mama Tangi alielewa. Hilo neno lilikuwa bomba lake. Ukimfukuza kwa wavu wa maswali, anaingia humo, na humo hutampata mpaka kesho. Akavuta kigoda, akakaa, akachukua kitunguu, akaanza kumenya. Kukaa bila kuuliza kulimuuma kuliko vitunguu. Aliona kifuniko cha mafuta kiko wazi, akameza mate. Aliona maji yanachemka bure, akaikunja midomo ndani. Alimenya vitunguu vyote vya siku ile na vya kesho. Mwishoni, kwa sauti ya kutoka chini ya meza, akasikia:

"Mama, mimi samaki nawaogopa."

"Unawaogopa vipi?"

"Wakirukaruka. Ule utelezi. Kwetu nilikuwa natoka nje wakiparuliwa."

Mama Tangi akaweka kisu chini. Sura ya mwisho ya ukoo, tumaini la meza, na yenyewe inaogopa samaki. Alicheka mpaka vitunguu vikamwagika mapajani. Hakuweza kujizuia. Akamweleza yote, gunia, ndevu za Mjomba, jani na kifuniko cha chupa, na Bibi Harusi akaziba mdomo kwa mkono, halafu akauondoa mkono.

"Kwa hiyo wao watuogope sisi, na mimi niwaogope wao?"

"Ndiyo hivyo mwanangu. Mtakutana katikati."

"Basi nitakuja. Lakini nitafumba macho."

*

Ijumaa soko zima lilikuwa na habari. Mjomba alikuja na kidevu chake. Miwani aliacha vipindi vyake kwa mwalimu mwingine, akasema ni mafunzo kwa vitendo. Familia ya Mama Tangi yote ilipangwa nyuma ya nguzo, wasionekane kutoka kwenye kioo, wamebanana kama wakopaji. Mama Kuku alikuwa ameshaleta kizimba kimoja, akakiweka mpakani.

"Hicho cha nini?" msimamizi akamuuliza.

"Kinapumzika tu."

Mpishi wa hoteli alikuwa bonge la mtu, viatu vyeupe, mwendo wa mtu aliyezoea watu wampishe. Aliinama mbele ya kioo. Kwa kuwa hakuna sura iliyojulikana karibu, samaki wote walikuwa nje wanatembea, tangi limependeza. Bibi Harusi alisimama pembeni na wavu ameushika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu. Aliwarushia chakula kidogo. Wakapanda.

"Safi," mpishi akasema. "Nataka yule." Kidole chake kikatua juu ya Mwenyekiti.

Kutoka nyuma ya nguzo Mzee Wavu akatoa sauti ya mtu aliyekanyagwa. "Huyo hauzwi."

"Nani kasema?" mpishi akageuka, akaitazama nguzo.

"Ni wa kuonyesha," nguzo ikasema. "Huyo ni Mwenyekiti."

"Mwenyekiti wa nini?"

"Wa chama cha kukimbia," akasema Mama Kuku.

Mpishi akajinyoosha. "Mimi sinunui picha. Kama unanionyesha mkubwa ili uniuzie mdogo, nitatafuta wauzaji wakweli." Akageuza kiatu kimoja. Msimamizi akamtazama Mama Tangi kwa huruma ya kweli, na Mama Kuku akaisogeza miguu ya kizimba.

Mama Tangi akatoka nyuma ya nguzo. Aliinama ili kioo kisimwone, akatambaa kwa magoti kama anatafuta sindano, mpaka kwenye sketi ya Bibi Harusi.

"Mvue," akanong'ona.

"Mama watoto," mumewe akaita, "samaki wa watu amekaa humo tangu—"

"Ndiyo maana. Mvue, mwanangu. Kisha vua na wengine wote. Mpishi, hao wengine unawataka? Nakupa wote kwa bei nzuri, ila uchukue wote, usibakize hata mmoja wa kuwafundisha wengine."

"Tangi litakauka," akasema Mzee Wavu, na sauti ilikuwa ya mtoto.

"Likauke."

Bibi Harusi akafumba macho. Mwenyekiti, ambaye alimjua kila mtu wa ukoo ule kwa sura, kwa ndevu na kwa gunia, alimtazama huyu mgeni, hakuona kosa lolote, akaja. Alikuja moja kwa moja, mzito, hana wasiwasi, akaingia kwenye wavu kama mtu anayeingia ofisini kwake. Na kwa nukta moja Mama Tangi, pale chini kwenye magoti yake, alitamani wavu utoboke.

Haukutoboka. Mwenyekiti alipotoka majini ndipo alipogundua kikao kimeahirishwa, akapiga mkia. Maji yalimlowesha mpishi, yakamlowesha msimamizi, yakafika kwa kuku. Bibi Harusi akapiga yowe bila kufumbua macho wala kuachia mpini, akawa anazunguka nao, watu wanainama kila ukipita, Mjomba alichelewa kuinama. Hatimaye mpishi mwenyewe akaukamata wavu kwa mikono miwili, viatu vyeupe vimekuwa vya rangi ya soko, anacheka kwa tumbo zima.

"Huyu yu hai," akasema. "Huyu yu hai kabisa. Nitawachukua wote. Na wiki ijayo mniletee tena."

Wale wengine walikuwa wakizunguka tangini hawajui wamtazame nani. Bibi Harusi aliwavua mmoja mmoja, kwa mara ya pili na ya tatu jicho moja likiwa wazi. Msimamizi akajikamua shati. "Meza yenu ibaki," akasema. Mama Kuku akakiinua kizimba chake, kisha akarudi na kitambaa kikavu, akamtupia Mzee Wavu. "Jifute. Unatia huruma."

Mchana ule wakalimwaga tangi lote, wakasugua saruji mpaka chini. Mzee Wavu alisugua akipumua kwa huzuni, lakini alisugua. Na gari lilipokuja wakamwaga wapya peke yao kwenye maji mapya, naye akasogea mbele ya kioo na shati lake safi, na samaki wakamwangalia kama watu wanavyomwangalia mpita njia. Aliondoa kofia kuwasalimu. Tangu hapo ukawa ndio utaratibu wao: kundi likiingia linauzwa mpaka la mwisho, tangi linasuguliwa, ndipo linaingia lingine.

*

Lakini nyumba haimwagwi. Hilo ndilo lililomkosesha Mama Tangi usingizi. Tangi unalitoa maji, unaleta wapya wasiojua kitu. Kitindamimba utampeleka wapi? Huwezi kumuuza, ingawa ziko siku ungemtoa bure na nauli juu. Waliokuona wamekuona.

Akaacha kukohoa. Akaacha kuuliza. Usidhani waliona nafuu. Nyumba nzima iliingiwa na hofu mpya. Mumewe alimshika paji la uso. "Unaumwa?" Seremala alimnunulia dawa ya kifua, akidhani kikohozi kimeingia ndani. Kitindamimba ndiye aliyekuwa mbaya zaidi, alijificha mara mbili ya zamani, maana mama anayekohoa unajua yuko wapi. Mama Tangi alikuwa akikaa kwenye kigoda jikoni, mikono magotini, anatabasamu. Tabasamu lenyewe lilitisha.

Jumapili moja Bibi Harusi alibandika maharage, akatoka uani kuanika nguo, na huko akakutana na jirani ukutani, na maneno ya ukutani unayajua. Kitindamimba alikuwa karibu na mlango wa nyuma, tayari. Mama Tangi alikuwa kwenye kigoda chake hatua moja kutoka jikoni. Maji ya maharage yalikauka akiyasikia. Harufu ya kwanza ilikuja. Alishika magoti. Harufu ya pili ilikuja. Mbona maharage yanaungua, nani kaacha jiko, maswali yote ya maisha yake yalimjaa mdomoni, akayabana kwa meno. Moshi ukaanza kupanda, mwembamba, kisha mnene. Machozi yakamtoka.

Bibi Harusi akaingia mbio, beseni kiunoni.

"Mama!" Akaipua sufuria, akaitupa kwenye ndoo, ikapiga kelele. "Mama, umekaa hapa hapa, pua unayo, macho unayo, maharage yanaungua unayatazama? Si ungeniita? Si ungemwaga hata kikombe cha maji, maji si hayo hapo mbele yako? Tutakula nini sasa? Mtu mzima kabisa umekaa unatabasamu kama picha!"

Sauti ilijaa nyumba. Seremala alitokea mlangoni na randa mkononi, mdomo wazi. Huko ukutani jirani alinyamaza ili asikie vizuri. Kwa miaka yote ya ndoa na uzazi, hakuna aliyewahi kumgombeza Mama Tangi ndani ya nyumba yake.

"Kweli," Mama Tangi akasema, akijifuta macho. "Kweli kabisa mwanangu. Nimekosea."

"Umekosea sana."

"Sana. Haya, na kifuniko je? Nacho nimekiachaje?"

"Kifuniko nacho! Kitazame kilivyo!" Na Bibi Harusi akaendelea, mkono kiunoni, akaingia kwenye kifuniko, akatoka kwenye kifuniko akaingia kwenye yale matabasamu ya wiki nzima yanayonyima watu usingizi, na Mama Tangi akitikisa kichwa kwa kila shtaka, uso unamng'aa kama mtu anayesomewa barua ya mwanawe aliye mbali.

Kitindamimba alikuwa ameshaufungua mlango wa nyuma. Mguu mmoja nje, mmoja ndani, alimtazama yule anayegombeza, akamtazama yule anayegombezwa, akamtazama tena anayegombeza. Kisha akaurudisha mguu ndani.